Kalamu na Wembe

Neno "mwandishi" lilipata bahati mbaya katika Biblia ya Kiswahili. Ukisikia "waandishi" unasubiri "na Mafarisayo", kisha unasubiri lawama. Sisi tuliopitia Shule ya Jumapili tuliwajua kama watu wa kanzu ndefu na roho fupi, basi. Ilinichukua miaka mingi, na kazi ya kusahihisha maandishi ya watu gazetini, kujiuliza swali ambalo mtoto angeliuliza mapema: hao waandishi walikuwa wanaandika nini?

Waliandika Torati. Walikuwa pia walimu na wanasheria, lakini jina lao lilitoka kwenye kalamu, na ufundi wao haujafa. Hadi leo, Yerusalemu, Brooklyn, London, kuna watu wanaoamka asubuhi, wananawa mikono, wanatandaza ngozi mezani na kuendelea pale walipoishia jana. Kwa Kiebrania mtu huyo huitwa soferi, na asili ya neno hilo ni kuhesabu. Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, inasema wazee wa kale waliitwa hivyo kwa kuwa walizihesabu herufi zote za Torati. Hata herufi ya katikati walidai wanaijua: ni vav iliyo ndani ya neno la "tumbo" katika Mambo ya Walawi sura ya 11, na mpaka leo huandikwa kubwa kuliko majirani zake. Ukihesabu sasa, katikati hakuangukii hapo. Kinachonifurahisha ni kwamba Talmud yenyewe, palepale, inakiri kuwa vizazi vya baadaye havina tena ujuzi wa watangulizi wao wa kujua wapi neno liandikwe kwa kirefu na wapi kwa kifupi. Fundi anayekiri hivyo namwamini.

Hesabu inayokubalika siku hizi ni herufi 304,805. Kompyuta ninayoandikia inaweza kuzinakili zote kabla sijapepesa jicho. Soferi huchukua mwaka mzima, na mara nyingi mwaka na nusu.

Sababu ya kazi hiyo imo ndani ya Torati yenyewe, karibu na mwisho. Wayahudi wameigawa Torati katika mafungu 54 na kuyasoma Sabato baada ya Sabato mpaka mwaka uishe. Fungu liitwalo Nitzavim, ambalo katika Biblia zetu linaanzia Kumbukumbu la Torati 29:10 hadi mwisho wa sura ya 30, husomwa Sabato ya mwisho kabla ya mwaka mpya wao, Rosh Hashanah. Musa ni mzee, yuko nchi ya Moabu, Yordani anauona na kuvuka havuki. Anawasimamisha watu wote: wakuu, wazee, wanawake, watoto, mgeni aliyemo kambini, mpaka mpasua kuni na mteka maji. Anawaingiza katika agano, kisha anasema agano hilo linawahusu pia ambao hawapo siku ile. Nimesikia mahubiri mengi juu ya agano. Hakuna lililonishtua kama hilo la kuandikishwa kabla hujazaliwa.

Musa hajidanganyi. Anajua agano litavunjwa, na anasema wazi kwamba watu watang'olewa na kutupwa nchi nyingine. Ndipo inapokuja sura ya 30. Ndani ya aya zake 10 za kwanza kitenzi cha kurudi kimetumika mara 7. Mara ni watu wanaomrudia Mungu, mara ni Mungu anayewarudia watu, mpaka msomaji anashindwa kujua nani amemtangulia mwenziwe. Kitenzi hicho ndicho kilichozaa neno teshuva, yaani toba. Na hapa Kiswahili kimebeba zaidi ya tunavyodhani. Neno letu "toba" tulilipata kwa Waarabu, na Waarabu walilipata kutoka Kiaramu, lugha ndugu ya Kiebrania, kwenye mzizi uleule wa kurudi. Anayejipiga kifua na kusema "toba!" anasema, bila kujua, kwamba anarudi.

Fungu linalofuata, Vayelech, ndilo fupi kuliko yote, aya 30 tu. Humo inatoka amri ya kuuandika wimbo ambao Musa ataufundisha taifa, uje uwe shahidi siku watakapopotea. Marabi waliipanua amri hiyo: wimbo haunakiliwi peke yake, kwa hiyo aandikaye aandike Torati nzima. Wakaihesabu kuwa amri ya 613, ya mwisho kabisa. Hata kama baba yako amekurithisha gombo, andika lako. Asiyejua kuandika amwajiri anayejua. Na aliyesahihisha herufi moja iliyokosewa, wakasema, ni kama ameliandika gombo zima.

Hilo la herufi moja ndilo lililonifanya niufuatilie ufundi huu, kwa sababu herufi moja naijua. Gazeti moja nililolifanyia kazi liliwahi kupata habari ya mbunge aliyekwenda msibani. Kichwa kilitakiwa kiseme "Mbunge afariji wafiwa". Mahali pa j pakaingia k. Mimi ndiye niliyepitisha ukurasa ule usiku. Asubuhi simu zilianza kulia saa kumi na mbili, na ya kwanza ilikuwa ya mbunge mwenyewe, mzima wa afya. Tuliomba radhi kesho yake katika kona ya ukurasa wa pili, nakala zile zikaishia kufungia maandazi, na dunia ikaendelea. Kwa soferi haiendelei hivyo. Gombo lenye herufi moja iliyopungua, au iliyozidi, au iliyogusana na jirani yake, halifai kusomwa katika ibada. Si kwamba limepungua thamani kidogo, halifai. Kuna masimulizi ya rabi Meir, aliyekuwa soferi, aliyeonywa na mwalimu wake awe mwangalifu kwa kuwa kazi yake ni kazi ya mbinguni, na kwamba akiacha herufi moja au akiongeza moja ataiangamiza dunia. Onyo lenyewe ni la kutisha. Jibu la Meir ni la fundi: alianza kuzungumzia dawa anayoitia katika wino wake.

Basi tuanze na wino. Kwenye matawi ya mwaloni nyigu mdogo hutaga yai, na mti huota kinundu kigumu kulizunguka. Vinundu hivyo husagwa na kuchemshwa, vikatiwa gundi ya mgunga, ile ambayo Sudan huiuzia dunia, kisha mrututu au chumvi ya chuma. Mkulima wa kahawa anaujua mrututu, ndio huo. Wino mpya unaweza kutoka kalamuni ukiwa hafifu, halafu ukaiva na kuwa mweusi tii kadiri hewa inavyoupata. Soferi mzuri hujua wino wake kama mpishi anavyojua tui: ukiwa mzito unabanduka gombo likikunjwa, ukiwa mwepesi unatambaa kwenye ngozi.

Ngozi lazima iwe ya mnyama aliye halali kuliwa. Hulowekwa ndani ya maji ya chokaa, hutolewa manyoya, huwambwa kama ngoma na kukwanguliwa mpaka iwe laini pande zote. Lakini kabla haijatumbukizwa majini, anayeiandaa lazima atamke kwamba anafanya kwa ajili ya utakatifu wa gombo la Torati. Asipotamka, ngozi itakuwa nzuri tu, ya kutengenezea ngoma au viatu. Hiyo ni sheria inayonivutia na kunisumbua kwa pamoja: hakuna maabara itakayoigundua tofauti ya ngozi mbili, moja iliyotamkiwa na nyingine isiyotamkiwa. Ufundi wote umekaa juu ya jambo lisiloonekana, na wanunuzi wanalipa makumi ya maelfu ya dola kwa kumwamini mtu.

Kalamu ni unyoya wa bata bukini au bata mzinga, uliochongwa kwa kisu ncha ikawa bapa. Wayahudi wa Yemeni na wengi wa nchi za Waarabu walitumia tete. Kiebrania huiita kalamu hiyo kulmusi, na sisi tunasema kalamu kupitia Kiarabu. Maneno yote mawili ni watoto wa neno moja la Kigiriki lenye maana ya tete. Wanakili wa Qurani wa Siyu, kisiwani Pate, wangeitambua meza ya soferi kwa mtazamo mmoja, hata kama wasingejua kusoma kilichoandikwa juu yake.

Kabla ya wino kugusa ngozi huchorwa mistari, kwa ncha butu, bila rangi, ule mfuo tu unaoonekana mwanga ukipita kwa ubavu. Herufi za Kiebrania hazikai juu ya mstari kama zetu. Zinaning'inia chini yake, kama nguo kwenye kamba. Safu moja mara nyingi ina mistari 42, na gombo zima lina safu zaidi ya 240. Waandishi wengi hupanga kila safu ianze na herufi vav, isipokuwa chache zilizowekewa maneno yake maalumu. Mojawapo ya hizo inaangukia mwishoni mwa Vayelech, pale Musa anapoziita mbingu na nchi ziwe mashahidi. Ili mstari uishie panapotakiwa, soferi huruhusiwa kuzinyoosha baadhi ya herufi, dalet, lamed, resh, hata neno likajinyoosha kama paka aliyeamka. Kati ya ibara na ibara huacha nafasi tupu ya herufi 9 au zaidi. Wafafanuzi wa kale walisema nafasi hizo ziliwekwa ili Musa apate muda wa kutafakari kabla hajaambiwa jambo jingine. Laiti wahariri wangu wangelijua hilo kabla ya kujaza kila kipenyo cha ukurasa kwa tangazo.

Soferi haandiki kwa kukariri, hata akiwa anaijua Torati yote kwa moyo. Ana nakala iliyosahihishwa mbele yake, analitazama neno, analitamka kwa sauti, ndipo analiandika. Kila neno, tangu la kwanza mpaka la mwisho. Ufundi mwingi hufika mahali ambapo mkono unajua njia na akili inakwenda matembezini. Huu umewekewa sheria ya kuuzuia mkono usijue sana.

Sasa sogea karibu na meza. Tazama herufi mbili, dalet na resh. Zote zina paa na mguu mmoja. Tofauti yake ni kona: dalet imekatika kwa pembe na ina kisigino kidogo nyuma, resh imejipinda kwa mviringo. Kona hiyo haizidi punje ya ulezi. Katika ungamo kuu la Wayahudi, lile la Kumbukumbu la Torati sura ya 6, wanasema Bwana ni ehad, mmoja, na neno linaishia na dalet. Ukiizungusha kona ile kidogo unapata resh, na neno linakuwa aher, mwingine. Kwa sababu hiyo dalet ya neno hilo huandikwa kubwa, mtu asikosee. Upande wa pili uko Kutoka sura ya 34, katika fungu la Ki Tisa, agano linapofungwa upya baada ya ndama wa dhahabu. Hapo inakatazwa kumsujudia mungu mwingine, na resh ya neno "mwingine" nayo huandikwa kubwa, asije mtu akaisoma dalet na kukatazwa kumsujudia aliye mmoja. Ibada yote ya Israeli imening'inia kwenye kona mbili, na mtu mmoja mwenye unyoya ndiye anayezilinda.

Akikosea? Hapa ndipo anapochukua wembe. Wino hukwanguliwa taratibu, ngozi inalainishwa kwa jiwe au kwa ukucha, herufi inaandikwa upya. Lakini wembe nao una sheria. Tuseme alitaka dalet, mkono ukateleza ikatoka resh: anaongeza wino kidogo nyuma, kisigino kinatokea, kazi inaendelea. Tuseme alitaka resh, ikatoka dalet: hawezi kuikwangua ile kona ili ibaki resh. Kwa macho itakuwa resh safi kabisa, wala wewe na mimi hatungejua. Hata hivyo haifai, kwa sababu herufi lazima izaliwe kwa kuandikwa, isizaliwe kwa kukatwa. Atakwangua zaidi, kisha aiandike tena. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi nikiwa nafuta sentensi za watu: kuna maandishi ambayo kwa kweli hayakuandikwa, yalibaki tu baada ya mengine kupunguzwa.

Na pakiwa na shaka, kama mguu wa herufi ni mfupi mno au mrefu mno, haitwi mwanachuoni. Anaitwa mtoto. Talmud imeweka sharti kwamba asiwe mwerevu sana wala mpumbavu, awe tu anazijua herufi. Wengine huyafunika maneno ya jirani ili asibahatishe kwa maana. Mtoto akisema ni vav, ni vav. Mwanachuoni angeisoma herufi kwa anachokijua. Mtoto anasoma kilichopo.

Mahali pamoja tu wembe haupiti, nako ni kwenye Jina la Mungu. Kila anapolifikia, soferi husimama na kutamka kwamba anaandika kwa ajili ya utakatifu wa Jina. Akishaanza hajibu salamu. Sheria imetaja hata salamu ya mfalme. Kuna na hadhari ndogo ambayo nadhani ilibuniwa na fundi aliyewahi kuumia: hachovyi kalamu kisha akaanza moja kwa moja na Jina, maana tone zito laweza kudondoka. Huacha herufi moja ya neno lililotangulia bila kuiandika, akachovya, akaandika herufi hiyo kwanza ili kuujaribu wino, ndipo akaingia kwenye Jina. Na akilikosea, hakuna kukwangua. Kipande chote cha ngozi kinatolewa, na kazi ya siku kadhaa inawekwa kando mpaka izikwe. Maandishi yenye Jina hayatupwi wala hayachomwi; huhifadhiwa, halafu huzikwa kama maiti. Ghala la namna hiyo katika sinagogi ya Ben Ezra, Fustat, mji wa kale wa Kairo, lilijaa kwa karne nyingi, na mwaka 1896 na 1897 msomi Solomon Schechter aliingia humo na kupeleka sehemu kubwa Cambridge. Lakini hiyo ni hadithi nyingine ndefu.

Kwa hiyo nilipoanza nilidhani huu ni ufundi usiosamehe. Nilikosea, na kilichonisahihisha ni ulinganisho wa vitu viwili. Mezuza, kile kipande cha ngozi kinachowekwa kwenye miimo ya mlango, ina herufi 713 tu. Sheria inataka ziandikwe kwa mfuatano. Ukimaliza na kugundua kwamba herufi ya 20 haikuandikwa sawasawa, huwezi kurudi nyuma kuiandika upya, kwa sababu itakuwa imekuja baada ya ile ya 713. Kazi yote imekwenda. Gombo la Torati, lenye herufi zaidi ya laki tatu, halina sharti hilo. Unaweza kurudi popote, mwaka wowote, hata baada ya miaka mia, ukaandika herufi iliyofutika, na gombo lililokuwa halifai likafaa tena papo hapo, kama lilivyokuwa siku ya kwanza. Kitabu kikubwa kimeachiwa mlango ambao kipande kidogo hakikuachiwa. Isipokuwa mwenye gombo asijisahau: Talmud inasema kitabu kisichosahihishwa kikae nyumbani siku 30, si zaidi. Na likigunduliwa kosa katikati ya ibada, msomaji husimama, huletwa gombo jingine, na lile lenye kosa hufungwa mshipi juu ya vazi lake ili watu wajue kwamba linasubiri fundi.

Kama ningeulizwa Nitzavim inafundisha nini kuhusu kurudi, ningemtoa muulizaji kanisani na kumpeleka kwenye meza hiyo.

Fungu lenyewe lina alama zake ambazo tafsiri zetu haziwezi kuzibeba. Katika 29:29, palipo mgawanyo wa mambo ya siri yaliyo ya Mungu na yaliyofunuliwa ambayo ni yetu na watoto wetu, herufi 11 zimewekewa nukta juu yake. Gombo halina irabu wala alama za kusimamia. Nukta zimetokea mahali 10 tu katika Torati nzima, na kila soferi huzinakili kama alivyozikuta, aelewe asielewe. Aya moja nyuma yake, kwenye neno linalosema Mungu aliwatupa nchi nyingine, kuna lamed iliyoandikwa kubwa. Lamed tayari ndiyo herufi ndefu kuliko zote, shingo yake inapita juu ya mstari. Ikikuzwa inaonekana kwa mbali, kama mnara katikati ya mji ulioungua. Na katika Hesabu 25:12, Mungu anapotoa agano la amani, vav ya neno "amani" huandikwa ikiwa imekatika katikati. Soferi aliyetumia mwaka mzima kuhakikisha hakuna herufi iliyovunjika, hapo anaivunja moja kwa makusudi. Sababu zilizotolewa ni nyingi. Mimi naridhika kuitazama tu.

Upo mswada mmoja mashuhuri ambao ulirudi kwa shida. Ulitengenezwa Tiberia karne ya 10, si gombo bali kitabu chenye kurasa. Maimonides, mwanasheria mkuu wa Kiyahudi, aliutegemea kwa sheria za kuandika magombo, na kwa karne nyingi ulitunzwa Aleppo, Syria. Ghasia za mwaka 1947 ziliuharibu na karibu Torati yake yote ikapotea. Kilichobaki sasa, huko Yerusalemu, kinaanzia Kumbukumbu la Torati sura ya 28. Kwa maneno mengine, katika Torati yote ya mswada ule, sehemu iliyosalimika ndiyo yenye Nitzavim.

Lakini anayenikaa zaidi rohoni ni David Brand. Wakati wa utawala wa Wanazi, vyombo vya ibada vya Wayahudi wa Bohemia na Moravia vilikusanywa katika makumbusho ya Kiyahudi ya Praha, huku wenyewe wakipelekwa kufa. Magombo yao yaliishia kurundikwa ndani ya sinagogi ya zamani yenye unyevu, pembezoni mwa mji. Februari 1964 magombo 1,564 yalinunuliwa na kusafirishwa hadi sinagogi ya Westminster, London. Yalipangwa sakafuni na kukaguliwa moja moja: mengine yameungua, mengine yameloa, wino umebanduka. Haikupita muda mrefu, mtu alibisha hodi akauliza kama wana gombo lolote la kutengeneza. Wakamwambia aingie, wanayo 1,564. Huyo alikuwa soferi Brand, na alibaki katika jengo lile akitengeneza kwa zaidi ya miaka 20.

Hebu ifikirie kazi hiyo kwa utulivu. Mbele yako kuna mkono wa mtu usiyemjua, aliyeandika pengine miaka 150 kabla, katika mji mdogo ambao sasa hauna Myahudi hata mmoja. Huandiki kwa mtindo wako. Unauiga wake, upana wa kalamu yake, jinsi alivyoipinda lamed. Herufi inapobanduka unatamka neno, unaiandika, unasogea. Yaliyopona hayakuuzwa. Yalikopeshwa kwa jumuiya za nchi nyingi duniani, kila moja na nambari yake, na Sabato hadi Sabato yanasomwa. Mengine hayakuweza kupona, yakabaki rafuni.

Sijasema mengi juu ya wasomaji wa Torati, nao wako wengi na wa namna nyingi. Wayahudi wa Ethiopia waliitunza Torati yao kwa Kigeezi, katika vitabu vya ngozi vyenye kurasa. Karibu na Mbale, Uganda, Abayudaya walianza na Semei Kakungulu mwaka 1919 akiwa na Biblia ya Kiganda mkononi, na leo wajukuu wa watu wake wanasoma fungu la wiki kwa Kiebrania.

Gombo linapokaribia kwisha, soferi huacha herufi za mwisho zikiwa na kingo tu, tupu ndani. Watu hualikwa. Mmoja mmoja huketi, au huweka mkono wake juu ya mkono wa soferi, na kujaza herufi moja kwa wino: mzee aliyechangia pesa, mjane, kijana anayetetemeka asije akamwaga. Kila mmoja, kwa ile kanuni ya herufi moja, anahesabiwa kuwa ameiandika Torati. Soferi yuko pembeni na kalamu yake, akiangalia kila kidole. Kisha vipande hushonwa kwa nyuzi za mishipa ya mnyama, gombo hufungwa kwenye magongo yake mawili, na watu hucheza nalo barabarani.

Herufi ya mwisho kabisa, inayojazwa baada ya zote, ni lamed ya neno Israeli. Huandikwa kwa ukubwa wa kawaida.